Sakafu Yake, Dari Yangu

Ukiishi gorofa Nairobi kwa muda, masikio yako yanajifunza mambo ambayo hakuna aliyekufundisha. Unajua viatu vya nani vinapanda ngazi. Unajua ni mlango gani unalia ukifunguliwa. Na unajua sauti mbili za maji. Ya kwanza ni ile ya furaha: mabomba yanakohoa, yanatema hewa, mfereji ulioachwa wazi jikoni unaanza kumwaga, na ploti nzima inaamka saa nane usiku kujaza mitungi kwa sababu maji yamekuja na kesho hayatakuwepo. Sauti ya pili ni ndogo. Ni tone. Linaanguka, linanyamaza, unahesabu, linaanguka tena. Ya kwanza inakutoa kitandani na ndoo mkononi. Ya pili pia inakutoa kitandani na ndoo mkononi, lakini hakuna anayesherehekea.

Naishi 3B, Zimmerman, kwenye ploti ya gorofa sita isiyo na lifti. Pale kwetu hakuna mtu ana jina. Keateka anatuita kwa milango: 1A amechelewesha kodi, 5C ameoa, 2D mwambieni atoe baiskeli kwa ngazi. Unaweza kuishi hapo miaka mitatu, kama mimi, na kitu pekee unachojua kuhusu mtu anayelala mita tatu juu ya kichwa chako ni kwamba anaoga mapema sana. Hilo ndilo nililojua kuhusu 4B. Mengine niliyajua baadaye, kwa sababu ya tone.

Lilianza kama doa kwenye dari ya korido, pale bafu na jikoni zinapokutana. Rangi ya strungi. Wiki ya kwanza lilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha kikombe, wiki ya pili chapati, wiki ya tatu sinia. Nikamwita keateka. Akalitazama akiwa amekunja mikono, kama daktari anayejua mgonjwa hana pesa.

"Hiyo ni jasho ya nyumba," akasema. "Nyumba pia hutoa jasho, 3B. Uwe unafungua dirisha."

Nikafungua dirisha. Doa likaendelea kukua. Nikamwita tena, akaja na mkebe wa rangi nyeupe na brashi iliyobaki nywele chache, akapaka. Doa likapotea siku nne, halafu likarudi na marafiki. Wakati huo ukutani palikuwa pameanza ukungu, ule mweusi wa vidoadoa unaonuka kama viatu vilivyosahaulika ndani ya begi. Mimi nina pumu ya tangu utotoni. Nilikuwa sijaamka usiku kutafuta pampu yangu kwa muda mrefu. Mwezi huo niliamka mara tatu.

Halafu tone la kwanza likaanguka, na halikutoka kwenye doa. Lilitoka kwenye holda ya balbu.

Nilidhani macho yananidanganya, mpaka fundi wa stima anayekaa gorofa ya chini akanieleza. Nyaya za taa hupitishwa ndani ya vibomba vya plastiki vilivyozikwa kwenye slabu. Maji yakiingia ndani ya simiti, hayashuki moja kwa moja kama jiwe. Yanatafuta njia rahisi, na hakuna njia rahisi kama kibomba kilicho tupu ndani. Ndiyo maana maji yanaweza kuvuja upande huu na kutokea mita mbili upande mwingine, tena pale pale penye stima. Akazima swichi ya taa za korido kwenye boksi na kuibandika karatasi: USIWASHE. Kwa wiki saba nilitembea koridoni kwangu na tochi ya simu, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

Kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti nilipata ushauri wa kila aina. Mmoja akasema nigonge dari na mti wa ufagio usiku kucha mpaka 4B apate adabu. Mwingine akasema nisilipe kodi, landilodi atakuja mbio. Huo ushauri wa pili unasikika mtamu lakini una miiba. Ukinyima kodi, sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, bado inamruhusu mwenye nyumba kutumia dalali. Unaanza na dari inayovuja, unamaliza na kochi lako liko barabarani. Na ile mahakama ya wapangaji ambayo watu huitaja wakikasirika? Sheria yake inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mimi nalipa 14,000. Kwa 2,500 Nairobi ya leo labda upate chumba cha mabati, na dari ya mabati haivuji kutoka kwa jirani.

Kwa hivyo nikafanya kitu cha bei rahisi zaidi. Nilinunua kijitabu cha shilingi 30 na kuanza kuandika saa.

Nawaambia, kama unavujiwa na maji, kabla hujagombana na mtu yeyote, andika saa. Tone lina tabia, na tabia yake inakuonyesha linatoka wapi. Likianguka mchana na usiku bila kupumzika, hata wa juu wakiwa wamesafiri, hilo ni bomba la maji yanayoingia, lile lenye presha. Likija mvua ikinyesha tu, tazama kuta za nje au paa. Likija na kuondoka, basi linafuata mtu. Langu lilifuata mtu. Saa kumi na nusu alfajiri nilisikia maji yakimwagika juu. Kabla ya saa kumi na moja, tone la kwanza. Kufikia saa tatu asubuhi, kimya. Jumapili lilichelewa kama saa mbili hivi. Kisufuria changu cha lita tatu kilikuwa kinajaa nusu kila asubuhi. Niliandika hivyo siku kumi na sita, na kila siku nikapiga picha.

Siku ya kumi na saba nikapanda ngazi.

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka hamsini na kitu, leso kiunoni, unga mikononi. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwa sandozi.

"Wewe ndio 3B?"

"Ndio, mum. Habari ya jioni?"

"Si wewe ndio ulinishtaki kwa keateka ati napiga makelele na ati nimejaza watu kwa nyumba?"

Sikuwahi kusema hivyo. Sikuwahi kusema lolote juu yake. Nilikuwa nimesema "dari yangu inavuja", na huko njiani, kutoka mdomoni mwangu hadi mlangoni pake, maneno yalikuwa yamebadilishwa nguo. Nikamwambia polepole nilichosema, nikafungua simu nikamwonyesha picha. Akapangusa mikono, akaishika simu, akazitazama moja moja. Alipofika kwa picha ya holda ya balbu yenye tone linaloning'inia, akasema, "Yesu! Na hii ni stima?" Halafu akasimama kando. "Ingia, mami. Kuja uone na mimi."

Bafu lake lilikuwa nakala ya langu: kigae cheupe kile kile, kidirisha kile kile kisichofunga. Sakafuni, pembeni mwa kile kikombe cha plastiki kinachopokea maji machafu, ambacho mafundi wanakiita trapu, palikuwa na ufa. Alikuwa ameuziba kwa simiti yake mwenyewe mara mbili. Kisha akatoa simu yake, katululu yenye skrini ndogo, akatafuta ujumbe aliomtumia keateka. Ulikuwa wa miaka miwili iliyopita: "Hii trap ya bafu inacheza, tuma fundi kabla maji iingie kwa wa chini." Jibu lilikuwa: "Sawa." Miezi mitano baadaye alituma tena. Jibu: "Sawa mum."

Yaani yeye ndiye alikuwa amenishtakia kabla mimi sijajua nina shida.

Wiki hiyo hiyo ajenti alikuja. Si keateka, ajenti mwenyewe, yule wa ofisi inayokusanya kodi, na viatu vyake vilivyong'aa. Aliingia, akatazama dari, akasikitika vizuri kabisa. Akasema wamenisikia. Akasema shida wameijua, shida ni 4B, mama huyo anamwaga maji ovyo na amekataa kushirikiana. Halafu akatoa karatasi.

"Andika tu hapa kwamba maji yanatoka kwake na yamekuharibia vitu. Weka tarehe na sahihi. Sisi tutamalizana naye. Mwisho wa mwezi atakuwa ametoka, na dipoziti yake ndiyo itatengeneza dari yako. Wewe hutatoa hata shilingi."

Nataka mwelewe jinsi karatasi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Kila kitu alichotaka niandike kilikuwa karibu kweli. Maji yalitoka kwake. Vitu vyangu viliharibika: zulia, viatu viwili, kabati la vyombo lililovimba milango ikakataa kufunga. Nilikuwa nimechoka mbaya. Kifua kilikuwa kinanibana. Na huyo mama hakuwa ndugu yangu. Nilikuwa nimekaa kwake dakika ishirini pekee maishani mwangu. Nairobi imetufundisha kwamba kila mtu abebe msalaba wake, na hapa palikuwa na mtu ananiambia naweza kuuweka wangu mgongoni mwa mwingine na kuondoka.

Lakini nilikuwa na kijitabu. Na kijitabu kilisema kwamba maji huja mtu akioga. Mtu kuoga bafuni si kumwaga maji ovyo. Kama mtu akioga ndani ya bafu lake maji yanatokea kwa balbu ya jirani, basi shida haiko kwa anayeoga.

Nikamwambia ajenti aniachie karatasi, nitafikiria. Jioni nikaipeleka juu. Mama wa 4B aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Unajua mimi nalipa ngapi hapa?" akaniuliza. "Elfu kumi na nusu. Niliingia miaka sita imepita. Wewe unalipa ngapi?"

"Elfu kumi na nne."

Akatikisa kichwa tu. Hakuhitaji kuongeza neno. Akitoka yeye, anayeingia atalipa 3,500 zaidi kila mwezi, na dipoziti yake ya zamani itanunua mkebe mwingine wa rangi ya kupaka juu ya doa langu. Trapu itabaki inacheza. Mpangaji mpya atapanga foleni ya kulaumiwa. Na yeye alikuwa na mtoto kidato cha tatu pale pale mtaani. Kuhama katikati ya muhula kungemaanisha shule mpya au nauli mpya, na hakuwa na pesa ya lolote kati ya hayo.

"Usisaini," hakuniambia hivyo. Alisema, "Wewe fanya vile utaona, mami. Nyumba yako pia imeharibika." Ingekuwa rahisi kwangu kama angeomba.

Sikusaini. Badala yake tulifanya uchunguzi, mimi na yeye, kwa rangi ya chakula ya supamaketi, chupa mbili ndogo, nyekundu na bluu.

Jumamosi jioni alijaza mitungi yake, kisha tukafunga koki inayoingiza maji kwake. Usiku huo hakuna aliyeoga 4B. Kwangu dari ilikauka. Jumapili asubuhi tukafungua koki lakini bafu likakaa bila kuguswa kwa saa tatu. Bado pakavu. Kwa hivyo mabomba ya kuingiza maji hayakuwa na kosa. Baadaye tukaziba trapu kwa matambara na karatasi ya nailoni, tukamwaga maji ya bluu sakafuni, tukangoja saa nzima, mimi nikiwa chini na yeye juu, tukiongea kwa simu kama wapelelezi.

"Umeona kitu?"

"Sijaona, mum."

Tukayakausha ya bluu yote kwa tambara na kuyakamua kwenye ndoo, ili yasituchanganye. Mwisho akatoa matambara, akamimina ndoo moja ya maji mekundu moja kwa moja ndani ya trapu. Mimi nilisimama koridoni na tochi, beseni jeupe miguuni. Dakika ya kumi na nne, kwenye ncha ya holda, likaota tone la waridi. Likavimba. Likaanguka. Nilirekodi video, na ukiisikiliza utasikia nikipiga kelele na yeye huko juu akicheka. Ni ajabu kufurahia maji machafu yakiingia kwako, lakini siku hiyo tulikuwa tumepata jibu: si sakafu, si mifereji, si tabia ya mtu. Ni pale trapu inapounganika na bomba lake, ndani ya simiti, mahali ambapo mpangaji hawezi kufika hata akitaka.

Barua tuliandika usiku huo kwenye laptopu yangu, na tukaiwekea sahihi mbili. Rafiki yangu mmoja aliyesomea sheria alitusaidia kwa mambo mawili. La kwanza ni kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Kwa maneno ya kawaida kinasema kwamba mtu akikodisha sehemu tu ya jengo, jukumu la kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na mifumo inayotumiwa kwa pamoja linabaki kwake, hata kama mkataba wenu haukuandika hivyo. La pili ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mali kuharibiwa. Unaweza kwenda bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Hatukutisha mtu. Tuliandika tu kwamba tunajua ipo.

Tuliambatisha kurasa za kijitabu, picha zenye tarehe, video ya tone la waridi, na picha za ule ujumbe wa miaka miwili na jibu lake, "Sawa mum." Ajenti tulimpa nakala. Barua yenyewe ilienda kwa landilodi, ambaye namba yake tuliipata kwa mwenye duka wa chini.

Siku tisa kimya. Siku ya kumi, Jumanne, fundi akagonga 4B na nyundo na tindo.

Nilipanda kuangalia. Bafu zetu zimeinuliwa hatua moja kutoka korido, na ndani ya hatua hiyo, chini ya vigae, kuna kifusi kilichofunika mabomba. Fundi alipokitoa, kifusi kilikuwa kimelowa kama uji. Na pale trapu inapoingia kwenye bomba hapakuwa na gundi wala kiungo cha aina yoyote. Palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa waya, na simiti juu yake. Fundi akakiinua kwa vidole viwili. "Aliyejenga hii alikuwa anaharakisha kwenda nyumbani," akasema. Keateka, aliyekuwa ameshika tochi, hakucheka. Baadaye, tukishuka ngazi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hulipwa elfu nane na chumba cha chini ya ngazi, na kwamba kila "sawa" aliyoandika aliipeleka kwa ofisi. Kisha akaongeza, kama mtu anayetema kitu kilichomkaa kooni: "3B, hii laini yote ya B ilijengwa na fundi mmoja."

Bafu la 4B lilifungwa siku nne ili viungo na simiti vikauke. Kwa hivyo, saa kumi na nusu alfajiri, mlango wangu uligongwa mara mbili kwa upole. Alikuwa na ndoo yake, sabuni yake, na taulo begani. "Nisamehe mami, nakuamsha." Sikuwa nimelala. Mwili wangu ulikuwa umezoea kuamka naye kwa miezi.

Ndani ya asubuhi hizo nne nilijua mengine. Anauza nyanya na vitunguu Githurai, na usipofika kabla magari ya shambani hayajamaliza kushusha, unapata zilizopondeka. Ndiyo maana anaoga gizani. Jumapili huchelewa kwa sababu ya kanisa. Saa zote zile nilizoandika kwenye kijitabu, 4:30, 4:50, kumbe nilikuwa naandika maisha ya mtu. Siku ya tatu alikuja na nyanya tano kwenye karatasi. Siku ya nne nilikuwa tayari nimepika chai, akanywa amesimama. Na mimi nilijifunza jina lake, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ni lake.

Landilodi alikata 3,000 kwenye kodi yangu ya mwezi uliofuata. Zulia na viatu nilijilipia. Ajenti bado hunisalimia, lakini sasa kwa jina, na sijui kama hiyo ni heshima au onyo. Mama bado yuko juu, bado kwa kodi ile ile.

Nimefikiria sana kuhusu ule unene wa simiti kati yetu. Chini yake ni dari yangu, juu yake ni sakafu yake, na sote wawili tunailipia kila tarehe tano, lakini si yangu wala si yake. Ina mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa radhi kabisa sisi tugombane juu yake, kwa sababu wapangaji wakipigana, hakuna anayeuliza ni nani alifunga bomba kwa tyubu ya baiskeli. Laiti ningegonga dari kwa ufagio kama nilivyoshauriwa, naye angegonga sakafu, na tungeendelea hivyo mpaka mmoja wetu ahame.

Jiji lenyewe liko hivyo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Yanasafiri kilomita nyingi za mabomba kutufikia. Na kwa miaka mingi sasa, karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hupotea kabla ya kulipiwa: mabomba yanavuja, mengine yanaibwa, mita nyingine hazisomi. Sisi tunapangiwa siku za mgao, tunaamka saa nane na mitungi, halafu tunamchukia jirani mwenye tangi kubwa. Tunatazamana sisi kwa sisi, kwa sababu ndio tulio karibu. Bomba liko mbali, limezikwa, na hakuna anayelisalimia kwa ngazi.

Maneno ya keateka hayakuniacha. Laini yote ya B. Bafu langu ni nakala ya bafu la juu, na mimi pia nina mtu chini yangu. Ninachojua kumhusu ni kwamba anapenda rumba Jumamosi na hukaanga vitunguu usiku sana. Hajawahi kulalamika. Lakini sasa najua maneno ya wapangaji hufika wapi yakipitia kwa watu wengine.

Jumamosi iliyopita, rumba ikiwa imewaka, nilishuka ngazi kumi na sita na kugonga 2B. Alifungua kijana wa rika langu, taulo la jikoni begani.

"Sasa," nikamwambia. "Mimi ni wa juu. Nimekuja kuona dari yako."

Akaniangalia kidogo, akapunguza muziki, halafu akasogea kando. Koridoni, chini ya balbu isiyowaka, palikuwa na kisufuria.